Kiunzi kwanza, mbao baadaye



Majuma machache yaliyopita alitujia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenyeji wa pwani ya ziwa Tanganyika, upande wa Fizi. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa ndivyo alivyotuomba. Alikuwa na daftari tatu zilizofungwa pamoja kwa kamba ya katani. Alipokwisha kuamkia na kuketi, aliziweka mezani polepole, mfano wa mzazi amwekaye mtoto mgonjwa mbele ya mganga, akasema: "Wazee wangu, humu mna hadithi ndefu niliyoianza miaka minne iliyopita. Kurasa 63 za kwanza niliziandika kwa miezi miwili, usiku baada ya usiku. Tangu ukurasa ule wa 63 sijaongeza hata mstari mmoja. Nimebadili kalamu, nimebadili taa, hata mahali pa kuketi nimebadili. Tafadhali mnitajie ugonjwa wake."

Tulimwomba atuachie daftari zake kwa siku tatu. Tulipozisoma tuliona upesi kwamba mwalimu huyu ni mwandishi kweli. Anajua kuonyesha ufuo wakati wa alfajiri, dagaa walioanikwa mchangani, wanawake wakihesabu sufuria zao gizani, boti la mbao likiinama kwa wingi wa watu. Ni habari ya jamaa moja iliyokimbia vita mwaka 1996, ikavuka ziwa kwenda Kigoma, kama walivyovuka maelfu ya watu wa Kivu ya Kusini katika mwaka ule. Katika kurasa 63 hatukuona hata moja iliyo mbaya. Hata hivyo hadithi imekwama majini: boti limeondoka pwani ya Kongo, na mpaka leo halijafika ng'ambo.

Twataka kuzungumza leo juu ya ugonjwa huo, maana si wa mwalimu huyu peke yake. Katika barua tuletewazo, wengi husema: "Nimeanza riwaya." Ni wachache sana wasemao: "Nimeimaliza." Vijana wengi wa nchi yetu wana daftari chini ya godoro, nusu imeandikwa, nusu ni nyeupe. Na katika nusu ile nyeupe zimelala habari za watu wetu ambazo hazina mwandishi mwingine.

Ngano ya jioni na riwaya

Bibi atoaye ngano jioni hahitaji mpango ulioandikwa. Ngano yake ni fupi, na mwisho wake anauona tangu neno la kwanza. Aliipokea kwa mama yake ikiwa imekwisha kulainishwa na vinywa vingi, kama mpini wa jembe la zamani. Tena watoto wako mbele yake: wakisinzia, hupaza sauti, wakiuliza, huwaeleza.

Mwandishi wa riwaya hana msaada huo. Hadithi yake ni ya kurasa 200 au 300. Huiandika peke yake kwa miezi au kwa miaka, na msomaji wake yuko mbali. Alichokiandika wakati wa mvua, amekwisha kukisahau wakati wa kiangazi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo hata kwa riwaya.

Wanaokaa karibu na ziwa wamemwona fundi wa maboti. Haanzi kwa kupigilia ubao mzuri wa kwanza aliouokota. Hulaza mkuku kwanza, kisha husimamisha mataruma upande huu na upande huu, mpaka apate kiunzi cha boti zima. Kiunzi hakipendezi kwa macho, kina uwazi kila mahali, wala hakiwezi kuelea. Lakini umbo lote limekwisha kuonekana, na kila ubao utakaokuja utakuta mahali pa kushikia. Mwalimu wetu alikuwa na mbao 63 nzuri sana, bila mkuku.

Maswali manne

Aliporudi siku ya tatu tulimwuliza: "Mwalimu, hadithi yako yahusu nini?" Akajibu bila kusita: "Yahusu vita."

Tulimwambia kwamba vita si mtu. Vita haviumwi njaa, havina mama, havikosi usingizi. Msomaji hawezi kufuata vita kwa kurasa 200. Humfuata mtu aliyemo vitani. Basi mtu huyo ni nani? Anataka nini? Ni nini kinachomzuia? Na akishindwa, atapoteza nini? Mpango wa riwaya huanza kwa maswali manne hayo, na majibu yake yapasa kuingia katika sentensi mbili. Asiyeweza kuyajibu si vibaya akiandika, ila ajue kwamba bado anatafuta miti msituni, hajaanza kuunda boti.

Kisha tulichukua kalamu nyekundu tukatia alama kila mahali ambapo sura moja inaungana na sura nyingine. Karibu kila mahali tulikuta neno lilo hilo: "halafu". Halafu wakafika njia panda. Halafu mvua ikanyesha. Halafu askari wakapita. Neno "halafu" ni kamba dhaifu. Waweza kuiondoa sura ya tatu, au kuiweka baada ya sura ya tano, na hakuna kitakachoanguka. Kamba zenye nguvu ni mbili: "kwa hiyo" na "lakini".

Tutazame mfano wa bwana mmoja aliyejua kazi hii. Chinua Achebe wa Nijeria alitoa mwaka 1958 riwaya yake *Things Fall Apart*, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata baadaye kwa jina la *Shujaa Okonkwo*. Ina sura 25 katika sehemu tatu. Mwisho wa sehemu ya kwanza, siku ya mazishi ya mzee mmoja, bunduki ya Okonkwo yapasuka na kumwua kijana wa marehemu. Hakukusudia. Lakini damu ni damu. Kwa hiyo yampasa kukaa uhamishoni miaka saba katika kijiji cha jamaa za mama yake. Kwa hiyo hayuko nyumbani wakati wageni Wazungu wanapoingia na dini mpya na serikali mpya. Kwa hiyo anaporudi anakuta kijiji si kile alichokiacha, na watu wengine hawako tayari kupigana pamoja naye. Ondoa bunduki ile, na kitabu chote chalegea. Huo ndio mkuku.

Watu kabla ya matukio

Wengine hutuandikia: "Mpango huua hadithi. Mimi nataka hadithi yangu inishangaze hata mimi mwenyewe." Hatuwalaumu, maana wana shahidi mkubwa upande wao. Georges Simenon, Mbelgiji aliyezaliwa Liège mwaka 1903 na kufa mwaka 1989, alitoa riwaya karibu 200 kwa jina lake mwenyewe, na nyingi aliziandika sura moja kwa siku. Yeye hakupanga matukio. Lakini je, alianza na mikono mitupu? Hasha. Kabla ya kuandika alichukua bahasha kubwa ya rangi ya manjano, na juu yake aliandika majina ya watu wake, umri wao, wazazi wao, mahali wanapokaa, hata namba zao za simu. Majina aliyatafuta katika vitabu vya simu. Alipokwisha kuwafahamu watu hao kama majirani zake, aliwaacha waende.

Basi hata yule asemaye kwamba hapangi, apanga watu. Tulimwomba mwalimu afanye vivyo hivyo, pale pale mezani. Kwa kila mtu wa hadithi, karatasi moja. Juu, jina na umri siku hadithi inapoanza. Chini yake: wazazi wake ni nani, amebeba nini mkononi au kichwani, aogopa nini, aficha nini. Na mwisho kabisa, orodha ya sura zote, na mbele ya kila sura: yuko wapi, afanya nini.

Watu wake walikuwa sita. Karatasi tano zilijaa upesi. Ya sita ilikuwa ya mtoto wa kiume, umri wake miaka saba. Katika ukurasa wa 12 anatembea mbele ya mama yake, amevaa kofia ya baba yake inayomfunika masikio. Katika ukurasa wa 40 anaomba maji. Katika ukurasa wa 63 boti linaondoka: mama yumo, na kitoto kichanga kimo mgongoni mwake. Baada ya hapo karatasi ya sita ilikuwa nyeupe.

Tukauliza: "Mwalimu, mtoto huyu yuko wapi?"

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha alisema kwa sauti ndogo: "Huyu ni kaka yangu mkubwa. Yule wa mgongoni ni mimi. Mama hajapata kutueleza, nami sijathubutu kumwuliza."

Basi ugonjwa ulijulikana. Hakukosa kalamu, wala taa, wala kipaji. Alikuwa amefika mahali ambapo hadithi yake haikuweza kusonga mbele bila neno ambalo nyumbani kwao halikutamkwa kwa miaka karibu 30. Hata zile kurasa nzuri za dagaa na za sufuria zilikuwa zikilizunguka neno hilo, kama mtu azungukaye nyumba asitake kugonga mlango. Mpango haukumwondolea ugumu wake, ila ulimwonyesha mahali ulipo. Kati ya faida zote za mpango tuzijuazo, hiyo ndiyo iliyo kubwa.

Njia mbili, na moja iliyofungwa

Tulimwambia kwamba njia zilizo wazi ni mbili. Ya kwanza ni kumwuliza mama, kwa heshima, kwa wakati unaofaa, na kukubali akikataa. Tena akijibu, asichukue jibu lile kama mali yake. Siri ya mama haiwi ya mwandishi kwa sababu tu ya kuisikia. Amwombe ruhusa kabla ya kuitia kitabuni.

Njia ya pili ni kumfanya mama wa hadithi kuwa mtu mwingine kabisa. Riwaya si ushahidi wa mahakamani. Abadili majina, kijiji, idadi ya watoto, hata kazi ya baba. Kisha atafute kwa fikira zake mtoto wa hadithi alipotelea wapi, bila kudai kwamba ndivyo ilivyokuwa kwao.

Njia iliyofungwa ni kuruka. Kulivuka shimo lile kwa neno "halafu", na kumfikisha mama Kigoma akiwa na mtoto mmoja kana kwamba hakuwa na wa pili, hilo msomaji hatalisamehe. Na mwandishi mwenyewe hakuweza kulifanya, ndiyo maana kalamu yake ilisimama.

Kwenda kuona na kuuliza

Kuna wale wanaodhani kwamba mwandishi hutoa vyote kichwani. Mfaransa Émile Zola hakufanya hivyo. Alitunga riwaya 20 juu ya jamaa moja, nazo zilitoka kati ya mwaka 1871 na 1893; na mapema sana katika kazi hiyo alichora mti wa ukoo wao. Alipotaka kuandika *Germinal*, habari ya wachimbaji wa makaa ya mawe, alisafiri mwezi wa Februari mwaka 1884 hadi Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, wakati wachimbaji wa huko walipokuwa katika mgomo. Aliingia katika nyumba zao, akaulizia mshahara na bei ya chakula, akashuka mwenyewe chini ya ardhi. Alianza kuandika tarehe 2 Aprili, akamaliza tarehe 23 Januari 1885. Karatasi zake za maandalizi zimetunzwa Paris mpaka leo, na ni mamia. Kwanza azungumza na nafsi yake kwa kalamu: nataka kuonyesha hiki, naogopa kile. Kisha zaja karatasi za watu, kisha habari za mahali, kisha mpango wa kila sura, nao aliuandika kwa kirefu mara mbili.

Wasomaji wetu wa Kolwezi na wa Likasi hawana haja ya kwenda Anzin. Shimo liko karibu, na mtu aliyeshuka humo yuko jirani. Twawapa hapa baadhi ya hazina zilizo karibu na kila mwandishi wa nchi hii, na nyingine hazina gharama.

Wazee. Nenda na daftari, uliza jambo moja moja: mlikula nini njiani? nani alishika ufunguo? Swali dogo hufungua mlango mkubwa. Ukitaka kutumia simu kunasa sauti, omba ruhusa kwanza.

Vitabu vya ubatizo vya parokia. Humo mna tarehe na majina ya wazazi. Vitakukomesha usimzeeshe mtu kabla ya siku zake.

Ramani. Pima njia kwa uzi, kisha hesabu mwendo wa mtu mwenye mzigo na watoto. Wengi huwatembeza watu wao katika siku moja mwendo ambao ungemchosha hata mwenye baisikeli.

Picha za zamani. Tazama viatu, tazama ukuta ulio nyuma, tazama nani amesimama mbali na wengine.

Vitabu vya wengine. Chagua riwaya moja uipendayo, uisome mara ya pili na kalamu mkononi, na kwa kila sura uandike mstari mmoja tu: ni nini kilichobadilika. Ukimaliza, una mpango wa mwenyewe aliyeitunga. Waweza kuanza na *Ngando* ya ndugu yetu Paul Lomami Tshibamba, iliyopata tuzo mwaka 1948, au *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1960. Hii ya pili ni hadithi ya upelelezi, na aina hiyo hufunza vizuri kupanga. Mtungaji wake yampasa kumjua mwenye hatia tangu mwanzo, ili ajue kumficha.

Vipande vya karatasi juu ya mkeka

Sasa twaja kwenye kazi ya mikono. Chukua karatasi, ikate vipande 24. Kila kipande ni sura moja. Juu yake andika mambo matatu, yasizidi: nani ataka nini katika sura hii, ni nini kinachomzuia, na sura ikiisha, ni nini kisichoweza kurudi kama kilivyokuwa. Sura isiyobadilisha kitu, hata ikiwa na maneno matamu, ni abiria asiyelipa nauli.

Tandika mkeka, uvipange vipande vyote mbele yako. Kati ya kipande na kipande sema kwa sauti neno la kuunganisha. Likiwa "kwa hiyo" au "lakini", endelea. Likiwa "halafu", simama hapo utafute sababu. Andika kipande cha mwisho mapema, hata kama utakibadili baadaye. Mwenye boti hajui upepo wa usiku ule, lakini ajua bandari aiendeayo.

Kando ya mkeka weka kalenda. Andika kila sura ni mwezi gani, ni mvua au kiangazi, mwezi umeandama au umejaa. Tulipata kusoma hadithi ya kijana mmoja ambamo mke wa shujaa alikuwa mjamzito kwa miezi 14, na mahindi yakavunwa mara mbili katika mwezi mmoja. Kalenda ya nyuma ya mlango ingetosha kumponya.

Kisha piga hesabu ya kazi. Sura 24, kila moja kurasa 10, ni kurasa 240. Ukiandika kurasa tano kwa juma, utamaliza kwa majuma 48, nawe umebakiwa na majuma manne ya mwaka kwa ugonjwa, kwa msiba na kwa wageni. Kurasa tano kwa juma si nyingi hata kwa mwalimu mwenye daftari za wanafunzi 60 za kusahihisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Mpango ni mtumishi

Msifikiri kwamba mpango ukiisha kuandikwa umekuwa sheria. Achebe huyo huyo alipoanza alipanga kueleza vizazi vitatu katika kitabu kimoja: baba, mwana na mjukuu. Alipoitazama kazi yake aliona kwamba imekuwa nyembamba, watu wengi na nafasi haba. Hakuogopa kuipasua. Kizazi cha kwanza alikipa kitabu kizima, na habari ya mjukuu akaiweka mpaka ikawa *No Longer at Ease*, mwaka 1960. Kama angaling'ang'ania mpango wa kwanza, huenda tusingalimjua Okonkwo kama tumjuavyo leo.

Tena jifunzeni kwake jambo la kuogopesha. Kitabu hicho kilikuwa kimeandikwa kwa mkono, na nakala ilikuwa moja tu. Aliituma London ili ipigwe chapa kwa mashine, akalipa fedha iliyotakiwa, kisha akangoja miezi mingi bila jibu. Ilimpasa mwenzake mmoja wa kazini, aliyekuwa akienda likizo Uingereza, afike mwenyewe kuidai. Nasi leo tuna simu: kila jioni piga picha ya ukurasa ulioandika, uutume kwa ndugu aliye mji mwingine. Nyumba yaweza kuungua, na katika nchi yetu twajua pia kwamba mtu aweza kulazimika kuondoka usiku bila daftari.

Wala mtu asiseme: sina karatasi nzuri, sina meza. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alifungwa bila kuhukumiwa mwisho wa mwaka 1977, na katika mwaka 1978 alitunga gerezani riwaya nzima kwa Kigikuyu, juu ya karatasi za chooni. Mchagua jembe si mkulima.

Karatasi ya sita

Juma lililopita mwalimu alirudi. Alituambia kwamba alingoja mpaka siku mama alipokuwa akichambua maharagwe, akaketi karibu naye, akachambua pamoja naye kwa saa nzima, kisha akauliza. Mama hakuacha kazi yake, wala hakulia. Alisema tu: "Mbona umechelewa hivi kuuliza?" Akamweleza yote mpaka maharagwe yakaisha.

Alilomwambia hatuliandiki hapa, na hata mwalimu hakutusimulia lote. Ni lao. Twajua tu kwamba mama alitoa ruhusa kwa sharti moja: majina yote ya kitabu yabadilishwe, ila la mtoto yule libaki lilivyo, ili siku moja, kama yu hai mahali fulani, akilisoma ajitambue.

Mwalimu alifungua mfuko wake, akatuonyesha vipande 24 vya karatasi. Cha mwisho alikuwa amekiandika kwanza. Na ile karatasi ya sita, iliyokuwa nyeupe, sasa imejaa pande zote mbili.

Nawe msomaji uliye na daftari chini ya godoro, usiitupe, wala usiongeze ukurasa usiku huu. Chukua karatasi, uandike majina ya watu wa hadithi yako, na mbele ya kila jina uandike alipo katika kila sura. Kisha tazama ni karatasi ya nani iliyo nyeupe. Anzia hapo.